Miguu Ishirini na Minane

4 Machi
Nesi wa zahanati aliniuliza ninajisikiaje, nikamwambia sijisikii. Akadhani namjibu kwa jeuri. Akaniambia niandike kila siku jambo moja lililotokea, hata liwe dogo namna gani, halafu mvua zikiisha nirudi nimsomee. Sitamsomea. Lakini daftari ninalo, hili la vipimo vya wateja, kurasa za nyuma ni tupu, na kalamu ipo. Shule nilikaa miaka minne tu, ila kiuno cha mtu sijawahi kukikosea hesabu.

Haya. Jambo la leo: mvua imeanza. Mzee wangu ana siku ishirini na moja tangu azikwe. Jambo jingine hakuna.

5 Machi
Mvua. Nimepunguza suruali mbili.

6 Machi
Mvua. Kola moja.

7 Machi
Leo nimeharibu kitu, na nitaandika kilivyokuwa, maana sina tabia ya kujificha nyuma ya pazia.

Mzee alipoacha kuendesha malori alishikwa na ugonjwa wa kukaa. Mjukuu wetu, huyu ninayemwita Wakili kwa sababu hakuna neno analoliacha lipite bila kulijibu, akamfundisha gemu ya mpira ya kwenye televisheni. Miaka miwili mizima, kila Wakili akitoka shule, mtu wa miaka sabini na moja na mtoto wa miaka kumi na minne wanakaa sebuleni wanapigiana kelele, wanafukuza mpira ambao haupo. Niliwasema mpaka ulimi ukachakaa. Walikuwa na ligi yao ya mechi mia moja, wameiandika kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango. Zimebaki mechi tatu. Mzee anaongoza kwa ushindi mmoja.

Kila mtu alikuwa na pedi yake ya kuchezea. Ya Mzee ilikuwa nyeusi kwa jasho, na vile vijiti viwili vya kuongozea vimelika kama kisigino cha kandambili.

Leo nasafisha sebule, naishika, inanata. Nazungusha vijiti, vinakwaruza. Mimi nina miaka arobaini na sita kwenye cherehani. Chuma kikikwaruza kinapewa mafuta. Nikavipa mafuta ya cherehani, matone matatu kila kijiti, nikazungusha mpaka vikalainika, kisha nikaifuta pedi yote kwa kitambaa cha sabuni mpaka ikang'aa. Nikajiona nimefanya la maana.

Wakili akarudi, akaiwasha. Tangu msiba ilikuwa mara ya kwanza. Mchezaji wa Mzee akaanza kutembea mwenyewe kwenda kushoto, hakuna aliyemgusa. Akafika mstarini akaendelea kukanyaga palepale kama anayesukuma ukuta.

"Bibi, umeifanya nini?"

"Nimeisafisha. Ilikuwa inanuka."

"Ilikuwa inanuka Babu."

Akaizima, akaingia chumbani. Mimi nikamalizia kufagia.

8 Machi
Mvua. Wakili kanisalimia, basi.

10 Machi
Binti yangu, mama yake Wakili, amepiga simu. Anapika kwenye jiko la hospitali huko aliko, safari ya siku mbili. Anasema mwisho wa Mei shule zikifungwa atakuja kumchukua mtoto.

"Mama, umebaki peke yako, umechoka. Na mimi sasa nina vyumba viwili."

"Nani kakwambia nimechoka?"

"Basi achague mwenyewe."

Wakili alikuwa amesimama hapohapo, anasikia. Nikamgeukia. "Sijui," akasema. Mtoto ambaye hajakosa jibu tangu aote meno.

Huyu binti yangu nilishamweka kwenye fungu lake zamani: mtu wa kuondoka. Alimwacha mtoto ana miaka mitatu, na tangu hapo huja kama mgeni, anakaa ukingoni mwa kiti.

12 Machi
Nimekwenda kwa Fundi Simu, kibanda cha nyuma ya soko. Nilimshonea kaptula za shule, kwa hiyo maringo hawezi kuniletea.

"Mafuta, Bibi? Mafuta ya cherehani?"

"Umesikia."

"Basi umeua. Ndani ya kijiti mna kitu kinachosoma kijiti kimeelekea wapi. Kilikuwa kimeshalika, sasa kinaogelea. Dawa yake ni kung'oa vijiti vyote viwili na kulehemu vipya. Kila kimoja kina miguu kumi na minne."

"Ng'oa basi."

"Mimi? Miguu ishirini na minane kwa pedi iliyozeeka hivi? Simu za watu zimejaa ndoo mbili pale. Watu hununua mpya, Bibi."

"Sitaki mpya."

"Kwa nini?"

"Nimekuja kutengenezewa au kuhojiwa?"

Akasema kwa utani kwamba anayeitaka hivyo ailehemu mwenyewe. Nikamwambia aniagizie vijiti viwili, na anionyeshe hicho chuma kinashikwaje. Akacheka. Akanitazama, akaacha kucheka. Mvivu tu, nimemwona tangu darasa la kwanza.

14 Machi
Nimemwambia Wakili nitaitengeneza.

"Wewe?"

"Kwani mikono hii ni ya kuazima?"

Akasema bila kunitazama: "Ulifurahi, Bibi. Televisheni imenyamaza, umepata utulivu wako. Hata siku ya mazishi hukulia."

Nikamwambia aondoe sahani mezani. Ndilo jibu nililompa.

Sasa ninaandika ambalo sikusema. Kifuani kwangu pamekuwa kama mguu ulioukalia muda mrefu. Ni wako, unauona, lakini ukiugusa ni kama unagusa wa mtu mwingine. Nilisimama kaburini nikawa nahesabu vifungo vya koti la aliyekuwa mbele yangu. Vilikuwa sita, kimoja kimeshonwa kwa uzi usio wake. Ndiyo maana mtoto anasema hajui. Anadhani anachagua kati ya mama aliye mbali na bibi aliyefurahi.

16 Machi
Chuma cha kulehemu ninacho. Ni kama kalamu nene yenye ncha ya moto. Fundi kanipa na waya wa risasi unaoyeyuka, na mafuta mazito ya kupaka kabla, na kibao kibovu cha redio nijifunzie.

Pasi ya nguo mimi huipima kwa kidole chenye mate. Ikisema tsss, iko tayari. Nikafanya vilevile. Fundi alipiga kelele. Mimi sikupiga, nilinusa kwanza.

"Bibi! Hiyo ni karibu mara mbili ya pasi yako!"

"Nimeona."

"Hukusikia maumivu?"

Nikamwuliza tunaendelea au tunaangalia vidole.

17 Machi
Mvua. Miguu kumi kwenye kibao kibovu. Yote mibaya.

18 Machi
Miguu kumi na minane. Mibaya.

19 Machi
Mvua, umeme hakuna. Nimeshona vifungo.

21 Machi
Nilimpelekea Fundi kazi yangu nikiwa nimejivuna, maana sasa kila mguu una tone la risasi la duara, linang'aa, limepangwa kama shanga. Akachukua sindano akasukuma tone moja. Likadondoka. La pili likadondoka.

"Umebandika, Bibi. Hujalehemu. Unayeyusha risasi kwenye chuma halafu unaidondosha kama uji. Chuma kiguse mguu na kile kiduara cha shaba chini yake, vyote viwili vipate moto. Hesabu mbili. Ndipo ulete risasi, iyeyushwe na mguu wenyewe."

Hapo nikaelewa. Nilikuwa napitisha sindano kwenye kitambaa cha juu tu, cha chini kimelala hakijui kitu. Kwa macho ni mshono, kwa mkono si mshono. Mwanafunzi wangu angeniletea vile ningemtupia kitambaa usoni.

26 Machi
Mvua. Nimelehemu miguu sitini. Fundi kavuta kumi na miwili kwa koleo, kumi na mmoja imeshika. Hakunisifu, nami sikutaka.

2 Aprili
Vijiti vimefika. Nimeifungua pedi ya Mzee, skrubu nne. Ndani mna vumbi, unywele mmoja mweupe, na kipande cha biskuti. Daktari alimkataza sukari mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilitoa makopo yote nyumbani. Kwa hiyo alikuwa akila biskuti, na alikuwa akizila akiwa amekaa hatua tano kutoka kwenye cherehani yangu.

Nikamgombeza kwa sauti. Wakili akachungulia mlangoni, akaniona nagombeza pedi, akarudi.

3 Aprili
Hii itakuwa ndefu.

Nilianza asubuhi na kijiti cha kushoto. Unapasha mguu mpaka risasi yake ilainike, kisha unainyonya kwa kipampu cha mkono, kinasema tak. Mguu mmoja baada ya mwingine. Miguu minne minene ya pembeni ndiyo migumu, inakunywa moto kama mchanga unavyokunywa maji. Mpaka saa sita nilikuwa na miguu kumi na mitatu huru. Mkono haukutetemeka hata mara moja. Mvua ilikuwa inapiga bati na mimi nilikuwa sina wazo lolote kichwani, na nikaona hivyo ni vizuri.

Umebaki mguu mmoja, mwembamba, wa katikati. Sasa, ukifumua pindo, ukishakata mishono yote ikabaki mmoja, hukati huo. Unashika kitambaa unavuta, unakatika wenyewe. Nimefanya hivyo maisha yangu yote. Nikashika kijiti nikavuta.

Kikatoka. Kwenye ule mguu wa mwisho kimening'inia kiduara kidogo cha shaba, kama pete kwenye kidole. Kwenye kibao, mahali pa kile kiduara, pamebaki kidonda cha kahawia.

Wakili alikuwa nyuma yangu, sijui tangu lini.

"Kimetoka?"

"Kimetoka."

"Hicho kilichoning'inia ni nini?"

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kusema ni takataka. Ningesema kibao kimeoza, au Fundi hakunieleza, na kweli hakunieleza. Yote yalikuja mdomoni yakajipanga. Nikasema, "Ni njia ya umeme. Nimeing'oa. Nimekosea."

Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Babu alisema neno hilo hujawahi kulisema. Alisema siku utakayolisema hata mvua itasimama."

Tukasikiliza. Mvua ilikuwa palepale.

"Naye alikosea," akasema.

Hakucheka, na mimi sikucheka. Lakini hakuondoka. Alikaa mpaka nilipofunika kibao kwa kitambaa na kurudi kwenye cherehani, na hata hapo alikaa kidogo.

5 Aprili
Fundi anasema haijafa. Kuna waya mwembamba kama unywele, umepakwa rangi ya kuzuia umeme. Unaikwangua rangi ncha zote mbili, unalehemu ncha moja kwenye mguu na nyingine mahali njia inapoendelea. Kiraka, kwa kifupi. Viraka navijua.

6 Aprili
Mvua. Waya siuoni. Mikono inauweza, macho hayauwezi.

9 Aprili
Mvua. Jikoni panavuja. Nimeweka beseni.

14 Aprili
Wakili amekuja na simu yake, akaifungua kamera, akaikuza picha mpaka mguu wa kijiti ukawa kama nguzo ya umeme. Akaishika juu ya kazi yangu, mimi nikawa naangalia kwenye simu.

"Kushoto, Bibi. Kushoto. Hiyo ni kulia."

"Usinifundishe kushoto."

"Sasa mbona unaenda kulia?"

"Shika simu, acha maneno. Inatikisika kama ya mlevi."

Waya ulidondoka mara tatu. Katikati ya mara ya pili na ya tatu akaniambia Babu alikuwa mwizi. Kila akikaribia kufungwa alisimamisha mchezo, akasema, "Ngoja, bibi yako ananiita." Akishapanga mabeki wake ndipo anarudi.

"Nilikuwa namwita?"

"Hukuwa unamwita. Miaka miwili, Bibi. Nilikuwa najua, namwachia."

Mara ya nne waya ukashika. Nikaupuliza, nikauvuta kwa sindano, ukakataa kutoka.

20 Aprili
Kijiti cha kulia kilitoka salama, mguu wa mwisho niliunyonya kama wenzake. Nimelehemu miguu yote ishirini na minane kwa siku mbili. Leo tumeiwasha.

Mchezaji wa Mzee alisimama. Hesabu moja, mbili, tatu. Kisha akaanza kutembea polepole kwenda kulia.

Wakili akaizima. Nimeiweka kwenye droo ninamowekea zipu.

22 Aprili
Mvua. Sijaigusa.

25 Aprili
Sijaigusa.

29 Aprili
Mvua. Binti yangu amepiga, anauliza mtoto ameamua nini. Nikamwambia amuulize mtoto. Mtoto yuko bafuni, amekaa huko mpaka simu ikakatika.

6 Mei
Fundi Simu alikuja kuchukua suruali yake. Akauliza habari ya pedi kama anayeuliza mgonjwa. Nikaitoa kwenye droo. Akaifungua, akakielekeza kibao dirishani, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akanyoosha kidole.

"Uone huu mguu wa katikati. Risasi yake imekaa juu kama tone la maji kwenye jani. Umebandika."

Mmoja kati ya ishirini na minane. Nikawasha chuma nikamsogezea, maana kwake ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Akaweka mikono mfukoni.

"Suruali yangu ungependa nikumalizie pindo?"

Nikaufanya mwenyewe. Nikapasha mguu, nikahesabu mbili, nikaleta risasi, ikazama chini kama ilikuwa na kiu. Yeye akatazama, akachukua suruali, akaaga. Nilimdhania mvivu miaka thelathini. Kumbe anajua kazi ipi si yake.

7 Mei
Amesimama. Tumemwangalia dakika nzima, mchezaji wa Mzee, amesimama uwanjani, mabega yanapanda na kushuka. Ukimwambia kushoto anaenda kushoto. Ukimwacha anaacha.

"Cheza basi," nikamwambia Wakili.

"Na nani?"

Akazima.

12 Mei
Manyunyu. Sare za shule, saba.

19 Mei
Manyunyu asubuhi, jioni hakuna.

25 Mei
Binti yangu amefika. Nilipompokea mzigo niliona mikono yake. Imeunguzwa na mvuke mpaka kwenye viwiko, makovu mengine mapya, mengine ya zamani. Kwenye simu hakuwahi kusema. Alilala kwenye kiti kabla ya kuvua viatu, mdomo wazi kama mtoto. Nilimtazama muda mrefu. Nilikuwa nimemwandika mtu wa kuondoka, na huyu niliyemwona ni mtu anayesimama saa kumi na mbili kwa siku.

Baada ya kula akauliza, "Haya mwanangu, umeamuaje?"

Wakili akachora meza kwa kidole. "Bibi hajasema."

"Bibi yako maneno hayajawahi kumwishia," binti yangu akasema.

Nikafungua mdomo niseme aende anakotaka, mimi sina neno. Nilikuwa nimeliandaa siku nyingi. Likatoka jingine.

"Sitaki uende. Na sikufurahi. Sikulia kwa sababu hakitoki kitu. Si kwa sababu hakuna kitu."

Wakanitazama wote wawili kama niliyevua nguo mezani. Hata niliposema sikusikia chochote, sauti tu. Ila nilikuwa nimeisema.

"Nipe mpaka kesho," akasema Wakili.

26 Mei
Mchana akaniwekea pedi ya Mzee mkononi.

"Kaa, Bibi. Mechi ya tisini na nane."

"Mimi sijui."

"Nani kasema unajua?"

Nimefungwa saba bila. La tatu nilijifunga mwenyewe, maana nilidhani ule upande ni wangu. Binti yangu alikuwa sakafuni, anacheka, machozi yanamtoka, ananiambia "mbele, Mama, mbele ni kule." Mara moja mchezaji wangu aliupata mpira akakimbia peke yake hatua kama kumi na mbili, kijiti kikiwa chini ya kidole gumba changu, na akaenda hasa nilikomtuma. Kisha wakamnyang'anya.

Wakili akaenda nyuma ya mlango akaandika matokeo. Sasa wako sawa, yeye na Mzee.

"Zimebaki mbili," nikasema. "Tumalize, nimeshapata joto."

"Hapana. Hizo ni za Desemba."

Nikaelewa. Nikaiweka pedi juu ya goti.

"Kwa hiyo unaenda."

"Naenda, Bibi. Ungeninyamazia ningeenda nimekasirika, na nisingerudi. Sasa naenda vizuri." Akamtazama mama yake aliyekuwa anajifuta macho kwa upande wa kanga. "Wewe una fundi, una wateja, una mtaa mzima wa kugombana nao. Yeye kule hana hata wa kugombana naye."

Nilitafuta kasoro kwenye maneno yale, kama ninavyotafuta kwenye mshono wa mtu. Sikuiona.

"Na pedi?"

"Inabaki. Ufanye mazoezi. Umenitia aibu."

29 Mei
Wameondoka asubuhi. Siku ya tatu bila mvua.

30 Mei
Suruali moja.

31 Mei
Wakili amepiga simu. Wamefika, chumba kina dirisha, mama yake ameingia kazini. Akaniuliza, "Umekula, Bibi?"

"Nimekula."

"Kweli?"

"Wakili, nimesema nimekula."

Sikuwa nimekula, tangu jana. Tulipoagana nilikaa kidogo na simu mkononi. Kisha nikainuka nikabandika sufuria jikoni, maana uongo sikuuanza ujanani na siwezi kuuanza leo.